Tope Halishindwi kwa Kukanyaga Mafuta

Msomaji mpenzi, mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, kuna sauti moja inayosikika karibu kila kijiji cha nchi hii. Ni sauti ya injini inayonguruma kwa hasira mahali pamoja, na gari halisogei. Utaisikia alfajiri, maziwa yanapopelekwa kwenye chama cha ushirika. Utaisikia jioni, viazi na kabichi zinapotoka shambani. Na ole wenu ikisikika usiku wa manane, huku aliyelazwa nyuma ya pikapu hiyo ni mama mja mzito anayekimbizwa hospitalini.

Watoto hukimbia kuitazama pikapu iliyokwama na kucheka, lakini mwenyewe hacheki. Maziwa yakichelewa huchacha, nayo hukataliwa. Mwenye trekta la kuvuta naye hutaja bei akijua kwamba huna pa kwenda. Klachi ikiungua, bei yake ni kubwa zaidi, na karo ya shule bado inangoja. Ndiyo maana Jumapili hii nimeonelea tuzungumze juu ya pikapu ya kawaida, ile inayosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma pekee, na jinsi ya kuipitisha penye tope, mchanga na maji bila kuizamisha.

Najua utakalosema. Utaniambia kwamba mambo hayo ni ya wenye magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, na kwamba wewe maskini wa Mungu huna budi kungoja jua. La hasha! Hebu kumbuka mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka wa 1953 na kwa miaka mingi yakawa yakifanyika wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimepamba moto. Gari la kwanza linalovuta kwa magurudumu manne kushinda mashindano hayo lilikuwa Audi, mwaka wa 1987. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka 30, washindi wote walikuwa na magari ya kuvuta kwa magurudumu mawili tu. Joginder Singh wetu alishinda mwaka wa 1965 akiwa na Volvo, kisha 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Colt Lancer. Peugeot 504, ambayo pikapu yake ilibeba mizigo na abiria wa Kenya kwa miaka na mikaka, ilishinda 1975 na 1978. Mwaka wa 1968, tope lilipokuwa jingi hata ni magari 7 pekee yaliyofika mwisho, aliyeongoza alikuwa na Peugeot 404.

Kweli, magari hayo yalitayarishwa na mafundi hodari na kuendeshwa na mabingwa. Lakini funzo linabaki palepale: kinachokuvusha kwanza ni kichwa na mguu wa dereva.

Mguu wa kulia ndio mchawi

Kabla ya kufundishana mbinu, tuelewe ni kwa nini gari hukwama. Nguvu za injini hufika nyuma na kuingia katika ile tunguu kubwa ya chuma iliyo katikati ya ekseli, ambayo mafundi huiita difu. Kazi ya difu ni kuyaruhusu magurudumu mawili ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti unapokata kona. Kwenye lami, hiyo ni baraka. Kwenye tope, ni balaa.

Sababu ni hii. Difu ya kawaida haiwezi kulipa gurudumu moja nguvu nyingi kuliko lenzake. Gurudumu la kushoto likiingia penye utelezi, huzunguka bure bila kuhitaji nguvu, na lile la kulia, ingawa limekanyaga ardhi ngumu, hupokea nguvu hizo hizo kidogo. Ndipo unapoona ajabu ya gurudumu moja likitupa tope hadi paani huku lenzake limetulia kama lililopigwa picha.

Sasa dereva afanyeje? Wengi hukanyaga mafuta zaidi. Hapo ndipo wanapoponzwa. Gurudumu linalozunguka bila gari kusogea halivuti, linachimba. Linalainisha tope lililo chini yake, linajaza udongo katika meno ya tairi, na baada ya sekunde chache tumbo la gari linakuwa limelala chini. Gari ambalo lingetolewa na watu wawili sasa linahitaji trekta.

Kwa hivyo, ukisahau mengine yote niliyoandika leo, shika hili moja: gurudumu likianza kuzunguka na gari halisogei, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo. Usijaribu mara moja zaidi. Hiyo mara moja zaidi ndiyo iliyowazamisha wengi.

Jitayarishe ukiwa nyumbani

Pikapu tupu ndiyo hukwama upesi. Injini iko mbele, dereva yuko mbele, na magurudumu yanayosukuma yako nyuma ambako hakuna uzito wowote wa kuyakandamiza yashike ardhi. Dawa yake ni rahisi. Jaza mchanga katika magunia matatu au manne ya kilo 50, uyalaze nyuma juu ya ekseli yenyewe au mbele yake kidogo, na uyafunge kwa kamba yasiteleze. Usiyapeleke mwisho kabisa karibu na mlango wa nyuma. Uzito ukikaa nyuma mno, pua ya gari huinuka, magurudumu ya mbele hupoteza mshiko na usukani hauitikii. Mchanga huo una faida nyingine: ukikwama, unaweza kufungua gunia moja na kuumwaga mbele ya tairi.

Lakini usidhani kwamba kilo nyingi ndio usalama mwingi. Pikapu iliyopakiwa viazi hadi mbinguni huzama kwa sababu ya uzito wenyewe. Penye ardhi laini, ni afadhali uende safari mbili kuliko kwenda moja na kulala njiani.

Pili, angalia matairi. Yaliyolika hadi yakawa kama kichwa cha mzee mwenye upara hayawezi kushika chochote. Ukiwa na matairi mawili mazuri tu, yafunge nyuma, kwani huko ndiko kazi ilipo.

Tatu, beba vifaa. Si lazima viwe vya bei. Panga, jembe au sepetu, kamba imara, jeki inayofanya kazi, ubao mnene wa kuweka chini ya jeki isizame, magunia matupu mawili au matatu, geji ya kupimia upepo na pampu. Isitoshe, fanya jambo moja ambalo halikugharimu hata senti: gari likiwa uwanjani kwako, pima kimo kutoka ardhini hadi chini ya difu, ambayo katika pikapu nyingi ndiyo sehemu iliyoshuka zaidi, kisha ukate fimbo ya kimo hicho. Iweke ndani ya gari. Utaona kazi yake hivi punde.

Udongo si mmoja

Msomaji, tope la Kinangop si tope la Kitengela, na dereva anayeyachukulia sawa atajuta. Udongo mwekundu wa milimani, ule wa Kisii, Meru na Murang'a, aghalabu huteleza juu lakini chini yake ni mgumu. Hatari yake kubwa si kuzama bali kuteleza hadi mtaroni. Hapo tembea katikati, juu ya mgongo wa barabara, maana kando zake zimeinama. Ukiona gari linakuja mbele, usingoje mkutane uso kwa uso. Mmoja wenu asimame mapema penye nafasi ampishe mwenzake. Nyuma ya gari ikianza kwenda kando, usikanyage breki. Punguza mafuta polepole na uelekeze usukani upande ule ule ambao nyuma inakwenda, hadi gari linyooke.

Udongo mweusi ni shetani mwingine. Ni ule ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono, na wakati wa mvua huvimba na kunata kama ugali usioiva. Upo nyanda za Athi na Kitengela, upo Mwea, upo Kano na sehemu za Laikipia. Udongo huu hujazana kwenye matairi hadi yanakuwa laini kama mpira wa watoto, na huweza kujaa chini ya bawa la gari hata gurudumu likashindwa kuzunguka. Jua likiwaka nusu siku, juu hukauka na kukudanganya, lakini chini bado ni uji.

Kwa udongo mweusi, ushauri wa kwanza ni kungoja. Ukiweza kuahirisha safari hadi kesho, ahirisha. Kama huwezi, wakazi wengi wa sehemu hizo hufunga minyororo kwenye matairi. Basi kumbuka kwamba minyororo hufungwa kwenye magurudumu yanayosukuma, yaani ya nyuma, yote mawili, na huondolewa mara tu unapofika penye ardhi ngumu, la sivyo itararua matairi na barabara pia.

Kabla ya kuingia penye tope, simamisha gari mahali pagumu na ushuke. Ndiyo, shuka! Viatu huoshwa. Tembea sehemu yote utakayopita. Chomeka ile fimbo yako katika nyayo zilizoachwa na malori na matrekta. Kina kikiwa kifupi kuliko fimbo na chini pakiwa pagumu, fuata nyayo hizo, kwa sababu wenzako wameshakupondea ardhi. Kina kikizidi fimbo, ukiingia humo difu italala juu ya tuta la katikati na magurudumu yataning'inia. Hapo panda juu: upande mmoja wa magurudumu upite juu ya tuta la katikati na upande wa pili upite ukingoni mwa njia.

Ukishachagua njia, weka gia ya pili ukiwa bado penye ugumu, na uingie kwa mwendo wa wastani, usiobadilika. Kama gari limebeba mzigo mzito au ni mlima, gia ya kwanza huenda ikafaa, lakini gia yoyote utakayochagua, toka nayo upande wa pili. Usibadilishe gia katikati ya tope, wala usiweke mguu juu ya klachi. Ule muda mfupi wa kukanyaga klachi unatosha gari kupoteza mwendo wake wote. Ukihisi linapungua nguvu, cheza na usukani kidogo kushoto na kulia, ili kingo za matairi ya mbele zitafute udongo ambao haujasagwa. Likisimama, nawe simama. Umeshaambiwa kuhusu mguu.

Penye mteremko wa utelezi, panda na ushuke ukiwa umenyooka. Usikate mlima kwa mshazari, kwani gari likiteleza kiubavu huweza kupinduka. Unaposhuka, tumia gia ndogo na uiache injini izuie gari, kwa maana breki kali huyafunga magurudumu na gari huwa kama mbao ya kuteleza. Ukishindwa kufika kileleni, usigeuze gari katikati ya mlima. Weka gia ya kurudi nyuma na ushuke polepole ulivyopanda, wala usithubutu kuliacha bila gia.

Mchanga hutaka tairi lililolegea

Wasomaji wetu wa Kitui, Turkana, Marsabit na Pwani watasema kwamba nimewasahau. Sijawasahau. Mchanga mkavu una kanuni yake, nayo ni upepo wa tairi. Tairi lililojaa upepo hukata mchanga kama kisu. Ukilipunguza, hutandaza tumbo lake, likakanyaga sehemu ndefu zaidi, na uzito wa gari ukasambaa. Kama kwa kawaida unaweka paundi 35, shusha hadi 20 hivi penye mchanga mwingi. Kama pikapu imebeba mzigo na umeweka zaidi ya hapo nyuma, anza kwa kupunguza thuluthi moja. Penye tope pia kupunguza kidogo husaidia, lakini si kwa kiasi hicho.

Hata hivyo, tairi lililolegea lina masharti. Usiende kasi ya kupita kilomita 40 kwa saa, usikate kona kwa ghafla kwani tairi laweza kuchomoka kwenye rimu, na ujaze upepo tena kabla ya kurudi kwenye lami. Asiye na pampu asipunguze upepo.

Vuka mchanga asubuhi na mapema ungali na baridi na unyevu. Mchana wa jua kali hulegea. Fuata nyayo za waliotangulia. Ukitaka kusimama, usikanyage breki kwa nguvu, maana mchanga hujirundika mbele ya matairi ukawa ukuta. Acha gari lizizime lenyewe, na ikiwezekana lisimame likitazama mteremko. Pikapu nyingi za siku hizi zina mtambo wa umeme unaopunguza nguvu za injini gurudumu likiteleza. Huo husaidia barabarani, lakini kwenye mchanga huweza kulizimisha gari lako katikati. Soma kitabu cha gari ujue kitufe cha kuuzima, na ukitoka mchangani uuwashe tena.

Tahadhari na sehemu zinazofanana na uwanja wa mpira. Jangwa la Chalbi kule Marsabit ni mahali palipokuwa ziwa zamani. Wakati wa ukavu utapita kama uliye kwenye lami. Mvua ikinyesha, chini ya ganda lile jeupe la chumvi hugeuka tope, na hakuna mti wa kufungia kamba wala jirani wa kumwita.

Maji hayana rafiki

Hapa, msomaji, naomba unisikize kwa makini, kwa sababu tope hula pesa lakini maji hula watu. Jumamosi ya tarehe 4 Desemba 2021, basi lililokuwa limewabeba wanakwaya na watu wengine waliokuwa wakielekea harusini lilizama katika Mto Enziu, karibu na Mwingi, Kaunti ya Kitui. Zaidi ya watu 30 walifariki. Lilikuwa basi kubwa na zito, tena kando ya mto palikuwa na watu wakitazama. Maji hayakujali.

Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30 tu, yaani chini ya goti la mtu mzima, yanatosha kusukuma magari mengi madogo. Yakifika sentimita 60, huweza kuibeba pikapu pamoja na mzigo wake. Waswahili walisema kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Huwezi kuona kama sakafu ya kivuko bado ipo au ilichukuliwa usiku. Kwa hivyo, mto ukiwa unakimbia na umejaa tope, usiingie hata kama lori limepita mbele yako, na hata kama abiria wanakuita mwoga. Laga za nyanda kavu hujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali, lakini nyingi hupungua baada ya saa chache. Saa hizo chache ni bei ndogo sana.

Maji yaliyotulia, yasiyopita katikati ya gurudumu, waweza kuyavuka ukishayapima kwa fimbo. Nenda polepole kwa gia ya kwanza bila kusimama, na ukitoka ukanyage breki mara kadhaa zikauke. Injini ikizimika majini, usijaribu kuiwasha tena. Maji yakiwa yameingia ndani ya silinda, kuiwasha kutapinda vyuma vyake, na hasara hiyo yaweza kununua trekta la kuvuta mara nyingi.

Umekwama? Tulia kwanza

Basi tuseme licha ya hayo yote umekwama. Usianze kugombana na utingo. Zima hasira, shuka, tazama. Je, ni gurudumu gani lililozama? Je, tumbo au difu imegusa chini? Mara nyingi njia nyepesi ya kutoka ni ile uliyoingilia, kwa hivyo jaribu kwanza kurudi nyuma polepole kwa nyayo zako mwenyewe.

Kama gurudumu moja la nyuma ndilo linazunguka, kuna hila moja ya zamani. Katika pikapu nyingi, breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma. Ivute kidogo, mivuto miwili au mitatu, si hadi mwisho, kisha ukanyage mafuta taratibu. Lile gurudumu lililokuwa likizunguka bure litapata upinzani, na difu italazimika kulipa nguvu zaidi na lile lililo penye ugumu. Mara nyingi hiyo inatosha kulisogeza gari hatua mbili tatu. Ukishatoka, iachilie breki hiyo mara moja isije ikaungua.

Ikishindikana, chukua sepetu. Ondoa udongo ulio chini ya difu na tumbo la gari, kisha uchimbe mbele ya kila gurudumu la nyuma mteremko mdogo wa kupandia, si shimo. Weka ubao chini ya jeki, inua gurudumu lililozama, na ujaze chini yake mawe, matawi na magunia. Usiingize mwili wako chini ya gari lililoinuliwa na jeki juu ya tope, hata kwa dakika moja. Hakikisha pia kwamba bomba la moshi halijazibwa na udongo, hasa kama kuna mgonjwa au watoto ndani, kwani moshi ukirudi ndani ya gari huua kimyakimya.

Vijana wa kijiji wakija kusukuma, patana nao bei kabla, na uwapange wewe. Wasukume kutoka pembeni na kwenye nguzo za nyuma, asisimame mtu moja kwa moja nyuma ya gurudumu linalosukuma, maana jiwe au ubao hurushwa kama risasi. Asiruhusiwe mtu yeyote kusimama katikati ya magari mawili.

Na kamba, jamani, kamba! Ifunge kwenye ndoano ya chasisi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, si kwenye bampa, wala si kwenye kile kitufe cha duara cha kukokotea trela, ambacho kikivunjika huruka na kuua. Laza blanketi au gunia zito katikati ya kamba ili ikikatika ianguke chini. Watazamaji wote, wakiwemo wale watoto wanaocheka, wasimame mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe. Anayevuta aanze polepole hadi kamba inyooke, ndipo aongeze nguvu.

Wafundishe wa nyumbani

La mwisho nawaambia wazazi. Katika nyumba nyingi, baba ndiye ajuaye mambo haya, na siku ya dharura baba hayupo. Mama ndiye anayempeleka mtoto mgonjwa, au kijana aliyepata leseni mwezi jana ndiye anayepeleka maziwa. Tafuta siku ya jua, pikapu ikiwa uwanjani. Mwonyeshe kila mwenye leseni mahali ilipo jeki na jinsi ya kuiweka juu ya ubao. Mwonyeshe difu kwa kidole. Mpe geji apime upepo mwenyewe. Tafuteni sehemu yenye tope kidogo shambani mwenu, mbali na watu, ajaribu kuingia na gia ya pili na kutoka nayo, na ajizoeze kuondoa mguu gurudumu likiteleza. Mguu haufundishwi kwa maneno.

Zaidi ya yote, mpe ruhusa ya kurudi. Madereva wengi vijana huingia mtoni na matopeni si kwa kutojua, bali kwa kuogopa kuulizwa nyumbani, "Mbona umerudi na maziwa?" Maziwa ya siku moja yakimwagwa, ng'ombe atakamwa tena kesho alfajiri. Ukimwambia mwanao hivyo kabla hajaondoka, atasimama kando ya maji akingoja.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia safari njema.